Mihambo, Toka!

Siku niliyomkaba mke wangu koo ilikuwa siku njema kabisa. Asubuhi tulipalilia mihogo, mchana tukala ugali kwa kisamvu, nami nikajinyoosha kwenye mkeka nje ya nyumba yetu, Kisarawe. Nilikuwa nimerudi kutoka vita vya Burma, na ndoa yetu ilikuwa bado changa. Mwajuma akaja kuniamsha kwa ajili ya sala ya alasiri. Akanigusa mguu.

Askari aliyelala haguswi mguu. Mwajuma hakulijua hilo, na mimi sikuwa nimemwambia, maana nani humweleza bibi harusi mambo kama hayo? Nilipopata fahamu nilikuwa juu yake, mikono yangu shingoni mwake, na jirani yetu ananitwanga mgongo kwa mchi. Namshukuru jirani yule mpaka leo, ingawa mgongo wenyewe haujamsamehe.

Mwajuma aliinuka. Alifunga kanga zake, akashika njia ya kwao Soga.

Siku ya tatu baba yake, Mzee Pazi, akaja. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alikuwa ameyanoa njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Binti yangu ana alama kumi shingoni. Nimezihesabu."

Nikainamisha kichwa.

"Sisemi wewe ni mbaya, mwanangu. Nasema ni mgonjwa. Jitibu. Mpunga ukivunwa nawe hujapona, utamwandikia talaka, na utaileta kwa miguu yako mwenyewe."

Mpunga ulikuwa umeshaanza kuiva. Nami Mwajuma nilikuwa nampenda, tena vibaya sana.

Dawa ya kwanza niliitunga mwenyewe: kutolala. Asiyelala haoti, au siyo? Nikanywa kahawa chungu mpaka moyo ukawa unadunda kwenye masikio. Siku ya pili nikaingia shambani, nikang'oa mihogo mstari mzima na kuyaacha magugu yamesimama vizuri. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Nikaenda msikitini, nikaegemea nguzo wakati wa hotuba, na sauti ya imamu ilikuwa laini, laini jamani...

"Laleni chini!"

Nilipofumbua macho, kumbe aliyepiga ukelele ni mimi, na nusu ya msikiti ilikuwa kifudifudi. Waliowahi kuwa askari nawaelewa, lakini na wauza nazi je? Imamu alikuwa amechutama nyuma ya mimbari, kitabu kichwani. Mzee mmoja mwenye masikio mazito alidhani sala imeanza, akasujudu, akabaki huko huko akingoja takbira. Tulimwinua kwa mikono.

Basi shauri likaisha: mimi, Kondo, nina pepo. Shangazi yangu, Bi Tatu, akamleta mganga mmoja kutoka upande wa Mlandizi, mama mnene mwenye macho makali. Akaninusa kisogo. "Hili pepo la ng'ambo," akasema. "Limepanda meli."

Wakanikalisha kwenye kigoda alfajiri, ubani unafuka, shuka jeupe kichwani, ngoma zikaanza. Wagonjwa wengine ngoma ikilia hutetemeka, pepo akapanda. Mimi nilikuwa sijalala sawasawa siku tano. Gizani mle chini ya shuka, kwa joto lile, nikalala fofofo. Nadhani ni mimi peke yangu Uzaramo nzima niliyewahi kubembelezwa na ngoma ya pepo.

Na nilipolala nikaota ndoto yangu ile ile, nikapiga ukelele ule ule: "Mihambo, toka! Toka upesi!"

Lahaula! Vigelegele vikapasua anga. "Jina limetajwa!" mganga akapaza sauti. "Anaitwa Mihambo! Na tazameni, mgonjwa mwenyewe anamfukuza! Tangu nianze kazi hii sijapata kusaidiwa hivi!" Wakinamama wakaupokea wimbo hapo hapo: Mihambo toka, toka Mihambo. Niliamka nikakuta kijiji kizima kinamfukuza.

Kesho yake wakauimba kisimani. Wakauimba wakitwanga. Bi Tatu alikuwa anaruka kwa furaha. "Nenda kamchukue mkeo! Pepo akishajulikana jina hana ujanja tena."

Mpunga ulikuwa unaanza kukatwa. Ningeweza kwenda Soga na kusema, "Baba, nimepona, pepo limetoka." Bi Tatu angekuwa shahidi, mganga angekuwa shahidi, na Mwajuma angerudi. Lakini kila waliposema "toka Mihambo" niliziba masikio. Nilikasirika, nikaona haya, nikalia chooni kama mwehu. Mihambo hakuwa pepo. Alikuwa mtu, tena mtu wangu.

Nikavaa koti langu la jeshi, nikatembea mpaka Soga.

Mwajuma alikuwa anapepeta mchele. Aliponiona aliusogeza ungo mbele ya kifua chake. Mzee Pazi akanionyesha pa kukaa, mbali kidogo na binti yake.

"Umepona?"

"Sijapona, baba. Nimekuja kusema kwamba pepo hakuna. Mihambo ni mtu."

Nikawasimulia. Mihambo alikuwa Mnyamwezi tuliyekuwa naye kikosi kimoja, na Mnyamwezi kwetu Wazaramo ni mtani. Mtani akikutukana, unacheka. Akichukua chako, huna ruhusa ya kununa. Basi huko Burma kila jioni mtu alichimba shimo lake la kulala. Siku hiyo nililichimba langu kwa ufundi, chini ya mti mkubwa, kavu, nikalitandika majani. La Mihambo, kwa uvivu wake, lilikuwa bondeni, limejaa maji. Nikaenda kujisaidia. Kurudi, namkuta kalala ndani ya langu, miguu juu.

"Mihambo, toka."

"Sitoki. Mtumwa akijenga, anakaa bwana wake."

"Toka, we mbeba mizigo!"

"Nenda kacheze ngoma zako huko majini."

Ningefanya nini? Nilicheka, nikaenda kukaa kwenye dimbwi lake.

Kombora la kwanza likaanguka mbali.

La pili, karibu. Nikaona adui anaulenga ule mti.

"Mihambo, toka! Toka upesi!"

"Sitoki ng'o!"

Alidhani bado tunataniana.

La tatu.

Nilipomaliza, Mwajuma alikuwa ameuweka ungo chini. Mzee Pazi alinisogelea.

"Mnyamwezi, umesema?"

"Ndiyo, baba."

"Mtani wetu. Matanga yake mlikaa wapi?"

"Hatukukaa. Tulimfukia, tukaamriwa kusonga mbele."

"Na hakuna aliyemtania? Hakuna aliyemcheka maiti?"

"Hakuna, baba."

Alikasirika kuliko siku ile ya alama kumi. Kwetu mtani akifa, sisi watani wake ndio tunaofika msibani kumzomea marehemu na kumwigiza, mpaka wafiwa wacheke na kilio kiishe. "Mmemzika mtani kama mtu asiye na wenyewe!" akafoka. "Halafu unashangaa hulali? Hata mimi nisingelala!"

Hakuwa Mwislamu, kwa hiyo hatukumsomea hitima. Tulimkalia matanga tu, pale pale Soga, kwa wali wa mpunga mpya. Wazee walipomaliza kula, Mwajuma akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti langu la jeshi linaloburuta chini, mzigo wa kuni kichwani, anatembea kwa kuyumba kama mpagazi aliyechoka. Akasimama katikati ya watu.

"Jamani Wazaramo! Niliiba shimo la mtani wangu. Leo nimekuja kulirudisha. Limeharibika kidogo!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Pazi alishika mbavu. Mimi nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi, na katikati ya kicheko kile machozi yakanitoka, nikalia kwa sauti mbele ya wakwe zangu bila haya yoyote. Hakuna aliyenikataza.

Mwajuma alirudi nami Kisarawe. Sitawadanganya kwamba nilipona. Ndoto zilipungua, hazikuisha, na mpaka leo mke wangu huniamsha kwa kuniita jina akiwa mlangoni, mwiko mkononi, tayari kukimbia. Wageni wetu huona ni mwanamke mkali.

Lakini lipo jambo moja ambalo sikulisema Soga. Nilikaa nalo miaka, mpaka tulipopata mtoto wa tatu. Asubuhi moja Mwajuma alikuwa anamnyonyesha, nikamwambia. Moshi ulipotawanyika pale chini ya mti, kabla sijalia, kabla sijamwita Mihambo tena, nilijipapasa mikono na miguu, nikaona nipo mzima. Nikafurahi. Rafiki yangu alikuwa vipande hatua chache kutoka kwangu, na mimi nilifurahi. Hilo ndilo lililokuwa likinikaba.

Mwajuma alimhamishia mtoto ziwa la pili. Akanitazama.

"Na mimi nimefurahi kuwa upo mzima, Kondo," akasema.