Programu iliyokuwa inakufa kimya

"Programu yako ni muongo!" Mama Riziki, fundi cherehani wa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kanisema leo mbele ya wateja.

Iliniuma. Nimejifunza hii kazi ya kuandika programu peke yangu, kwa simu iliyopasuka kioo!

Programu niliyomtengenezea hutumia wateja wake ujumbe, lakini ule wa "gauni liko tayari" haukumfikia bibi harusi wa mtaa wa Area 36, na harusi ni kesho. Programu inakaa kwenye seva, kompyuta za mbali. Ilikuwa inakufa bila kusema neno.

Nikaongeza mistari minne: kosa lolote lisiloshikwa, liandikwe kwanza kabla programu haijafa.

Tukatuma tena. Kosa likajiandika: namba ya simu ina tarakimu ishirini!

Bibi harusi ana laini mbili, kama sisi wote. Mama Riziki aliziandika zikiwa zimeungana kama namba moja.

Nikazitenganisha. Dakika mbili, bibi harusi kapiga: "Mama, niko njiani!"

Sasa Mama anawatangazia wateja: "Programu YETU haidanganyi."

Yetu? Jamani, mnasemaje?