Nilimfundisha Kupanda Tu

Siku yangu ya kwanza kazini niliwapanga wakata mkonge mistari minne, nikawaamuru waruke kamba ambayo hatukuwa nayo. Lilikuwa shamba moja huko tambarare, chini ya mji wa Same, nami nilikuwa binti wa Singida niliyetoka chuoni juzi tu, nimeajiriwa kuwa mwalimu wa viungo wa wafanyakazi. Wanaume wale, kila mmoja kaacha kwao mbali, waliruka kwa adabu tu. Bwana Ustawi, ofisa aliyesimamia hali za wafanyakazi, alisimama pembeni hadi nikamaliza, kisha akaniita. Nikadhani nasifiwa.

"Mwalimu," akasema, "hawa wanainama tangu alfajiri. Unawapunguzia maumivu au unawaongezea kazi? Nenda kawatazame wakikata, halafu urudi na mazoezi."

Nilinuna wiki nzima, maana mdomo wangu haujazoea kufungwa. Lakini nilikwenda, nikaona mgongo unavyokunjwa kutwa na mkono mmoja unavyofanya kazi ya miwili. Nikaacha kuwarusha watu, nikaanza kuwanyoosha: kiuno, mabega, na misuli ya nyuma ya paja, ambayo ikikaza huuvuta mgongo. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya kubahatisha. Bwana Ustawi alinikataza kabisa kumkimbiza mtu asiyekunywa uji. Alinieleza kuwa mwili ukikosa chakula huanza kujila misuli yake wenyewe. Hilo sikufundishwa chuoni.

Baadaye nilihamishiwa ofisi ya wilaya, chini ya Afisa Utamaduni aliyependa gwaride kuliko afya. Kwake nilijifunza kuandika ripoti, basi. Enzi ya Ruksa ilipokuja, biashara ikaachiwa huru, maduka yakajaa bidhaa na ajira zikapungua. Shamba likafungwa, nami nikapunguzwa kazini. Iliniuma, tena sana. Nikanunua raba za mtumba mnadani, nikaanza kuwafanyisha mazoezi wafanyabiashara wa Same mmoja mmoja, wale ambao vitambi vilikuwa vimewaota pamoja na maduka. Ninyi vijana wa jimu leo mnaiita kazi hiyo kwa jina la Kizungu na mnaheshimiwa. Mimi niliitwa kichaa.

Ndipo siku moja Bwana Ustawi akaja mlangoni kwangu na fimbo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitafuta pa kukaa. Kiharusi kilikuwa kimempitia upande wa kushoto, si kikubwa, na daktari alikuwa ameshamruhusu kutembea. Shida yake ilikuwa mama yake mzazi, kikongwe aliyeishi milimani huko Myamba na ambaye hakutaka hata kusikia habari ya kuhamia mjini. Mvua zilikuwa zimekata barabara, gari linaishia chini, na kilichobaki ni njia ya miguu yenye mwinuko mkali. Vijana wa ukoo walikuwa tayari kumbeba kwa machela. Alikataa katakata.

"Mama akiniona naletwa kwa machela, atajua ndiyo basi," akaniambia. "Nataka niingie uani kwa miguu yangu, macho yake yangali yanaona."

Tulifanya kazi miezi mitatu. Siku moja mazoezi, siku moja mapumziko, kwa sababu msuli hujengeka ukiwa umepumzika. Nilihesabu mapigo ya moyo wake kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kabla na baada. Mashine hatukuwa nayo, kwa hiyo nilimwimbisha nyimbo za kanisani. Yeye ni Mlutheri wa kuzaliwa. Akishindwa kumaliza ubeti bila kukatika pumzi, tunapunguza mwendo. Akiuimba kwa raha mno, tunaongeza. Tulipanda kilima kilekile nyuma ya mji. Wakati wa kurudi, ili asichoke, nilimwombea lifti kwenye pikapu ya muuza ndizi. Nilijiona nina akili kweli.

Siku ya safari tulipumzika mara saba njiani. Akaingia uani kwa miguu yake. Mama yake, aliyekuwa akipukuchua maharage, alimpapasa uso, akampapasa na magoti, kisha akamgombeza kwamba makande yamepoa. Nililia, nami si mtu wa kulia.

Siku ya tatu tukaanza kushuka. Hatukufika mbali, mapaja yakaanza kumtetemeka, akakaa juu ya jiwe, hawezi hata kusimama. Jirani mmoja aliyesikia habari za mazoezi yetu, akiteremka na mkungu wa ndizi kichwani, akatutazama, akaniuliza kwa upole, "Kushuka hamkumfundisha?" Nilitamani ardhi inimeze. Ukipanda, msuli wa mbele ya paja hujikunja ukikusukuma. Ukishuka, msuli huohuo hurefuka huku umebeba uzito wako wote, unafanya kazi ya breki, na hapo ndipo nyuzi zake huchanika. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni, nikalisahau kwa kumhurumia mtu.

Nilitaka kuita machela. Bwana Ustawi akatazama juu, akamwona mama yake amesimama uani anamsindikiza kwa macho. Akasema turudi. Kupanda aliweza, polepole.

Alikaa huko miezi miwili. Kila Jumamosi nilipanda nikamfundisha kushuka nyuma ya nyumba: hatua fupi, goti likunjike kidogo, tano chini kisha apumzike, wiki ya pili kumi. Majirani walitutania kuhusu yule mama wa Singida anayemteremsha mzee wa watu na kumpandisha bila kuchuma hata jani. Bibi alitandikiwa mkeka pale juu, akawa anahesabu hatua kwa Chasu, lugha yao Wapare, akizikosea makusudi ili mwanawe arudie. Alipoweza kushuka hadi barabarani na kurudi, bibi alikuwa hatoki tena nje. Alifariki wiki iliyofuata, mwanawe kamshika mkono.

Sasa nimestaafu, na magoti yangu mwenyewe yananilalamikia. Vijana wangu, mfundisheni mtu kushuka mapema. Nilikosea, na ningeweza kumvunja mzee wa watu. Sijitetei. Siku ya mazishi ya bibi nilimfuata Bwana Ustawi kando ya kaburi, nikamwomba radhi kwa kosa lile.

Hakunitazama. "Usiniombe radhi, Mwalimu," akasema. "Ningekuwa na miguu ya kushuka siku ile, ningeshuka."