Kihenge Kilichozungukwa na Nyumba

Nyumba ya Kornel ilikuwa na ukuta wenye tumbo. Ulisimama katikati, ukitenga jiko na kitanda, umetuna kama mwanamke wa miezi minane. Wageni waliupapasa, wakacheka.

Haukuwa ukuta. Kilikuwa kihenge cha nafaka cha mkewe, Stefania.

Mwaka ule wa kuhamia vijijini, lori liliwashusha njia ya Namanyere, mawingu yamekwisha kutanda. Stefania akasimamisha kihenge palepale, akamwaga humo ulezi wao wote. Kesho yake katibu wa kijiji akaja na kamba na vigingi.

"Mama, sogeza hicho. Nyumba inapita hapa."

"Nyumba iko wapi, ndugu katibu? Mimi naona kihenge tu, tena kimejaa. Kikibebwa kitapasuka. Utakuja kuokota wewe?"

Kamba ya katibu haikupinda, Stefania naye hakupinda. Ikabidi Kornel ajenge nyumba kukizunguka kihenge. Ulezi ulipoisha, kikagoma kupita mlangoni. Stefania alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakisiriba udongo kwa viganja vyake, na kila baada ya mavuno akarudia.

Sasa Stefania hayupo, mwezi wa tano huu tangu azikwe. Mwanawe, Leonsi, ameoa, na nyumba inataka chumba.

"Baba, tumbo hili linakula nyumba. Nilivunje?"

Siku tatu Kornel alikizunguka kihenge, akikipapasa. Upande wa kitandani kulikuwa na alama za vidole vya Stefania. Alizigusa kila alipolala. Siku ya nne akachukua panga mwenyewe.

"Usipige," alimwambia Leonsi. "Bandua."

Wakabandua udongo vipande vipande, wakang'oa fito. Leonsi akajitwika karai la udongo, akaelekea nje.

"Unapeleka wapi?"

"Jalalani, baba."

"Mikono ya mama yako hiyo. Rudisha."

Wakasimamisha fito za ukuta wa chumba kipya, wakauloweka udongo ule, wakaukanyaga. Agnesi, mke wa Leonsi, akausiriba kwenye ukuta mpya, ulionyooka kama kamba ya katibu. Kornel alimtazama mpaka Agnesi akafika upande wa kitanda cha mzee.

"Hapo ongeza, mama."

"Patatuna, baba."

"Patune. Kidogo tu."

Agnesi akamtazama mzee. Akaongeza donge, akalikandamiza kwa viganja, wala hakufuta alama za vidole vyake.