Kofia ya Chuma Iliyoletwa Bigwa

Tarehe 12 Juni 1952, manyunyu, milima haikuonekana. Fundi bati wa Bigwa hukigonga kila chombo kwa ukucha mara tatu kabla ya kusema neno. Leo aliigonga kofia ya chuma aliyoletewa na Alois, ambaye Jumapili atarithi jina la marehemu mjomba wake, pamoja na kofia hiyo. Ukoo husimulia kwamba ilimkinga mjomba na risasi katika vita ya Mjerumani.

"Shikamoo, fundi. Ni ya vita kweli? Shemeji zangu wanasema ni ndoo ya misheni."

"Marahaba. Ndoo gani ina kidirisha cha macho, baba?"

Alikifungua kidirisha, akakifunga, akakifungua tena. Kidole gumba kilipita polepole juu ya mibonyeo mitatu ya risasi, kila mmoja umezungushiwa rangi na kuandikwa namba. Ndani, matundu ya kufungia ngozi ya kushika kichwa hayakuwa na mkwaruzo.

"Hii wanajeshi walikuwa wanaijaribu. Waliitundika, wakaipiga, wakahesabu. Haijavaliwa na mtu."

"Na mjomba?"

"Aliibeba. Wapagazi walibeba kila kitu."

"Sasa Jumapili niseme nini mbele ya ukoo?"

Fundi alichukua kamba, akampima Alois kichwa. Asubuhi iliyofuata alikata ngozi kwa kipimo hicho, akaifunga ndani ya kofia kwa ribiti mpya.