Safu ya Mabaki

Saa nne na dakika kumi asubuhi daktari alimtoboa binti yangu kidole, akaisoma namba kwenye kipimo, kisha akamtoboa kidole cha pili ili ahakikishe. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja. Kwenye mizani ya magunia dukani kwangu alikuwa kilo sabini na nne.

Dalili zilikuwepo. Tangu mwaka jana shingo yake ilikuwa imeingia weusi mnene, kama mkanda. Mama yake alidhani ni taka, akawa anamsugua kwa dodoki kila alasiri kabla ya kwenda chuoni kusoma Kurani, mpaka mtoto analia. Mimi, niliyejisomea vitabu vya tiba tangu ujana, nilisimama mlangoni nikasema asugue vizuri. Mtoto alipoanza kuamka usiku kunywa maji, tulisema ni joto. Bibi yake alimfinya mashavu akasema, mashallah, ukimwona huyu huulizi kama baba yake ana mali. Chuoni wenziwe walimwita Gunia. Nilimwambia asiwajali.

Daktari alieleza taratibu. Ni kisukari, kile tulichozoea kukiona kwa watu wazima. Presha nayo imepanda, na magoti yamelemewa. Dawa ataanza leo, na huenda asiziache maisha yake yote. Kisha akauliza mtoto hula nini jioni. Nilikuwa nataka kusema wali na mchuzi, lakini mtoto alinitangulia.

"Nala mabaki ya duka," alisema. "Baba hapendi yatupwe."

Hakulaumu. Alisema kama mtu anayetaja kazi aliyopewa.

Ilikuwa kweli. Kila nilipofunga duka nilimwekea sahani: mahamri yasiyonunuliwa, visheti vilivyovunjika, biskuti za pakiti iliyopasuka, na soda ya chupa iliyochubuka nembo. Alipomaliza niliandika bei yake kwenye daftari, katika safu ya mabaki, na pembeni yake: yameliwa nyumbani, hasara hakuna. Nilijivunia safu hiyo. Nilimwonyesha mke wangu.

Tulipokuwa tukirudi, mtoto aliniuliza mahamri ya leo yatakayobaki atayala nani.

Duka sikulifungua. Niliketi nyuma ya kaunta nikajumlisha safu ile, miaka sita, ukurasa kwa ukurasa, kisha nikarudia. Nilikuwa nimeokoa shilingi elfu sabini na moja, mia nane na arobaini.