Mukono wa shati langu umebaki ndani ya mutumbwi

Jamaa, leo nguo imenishinda nguvu.

Mimi ni seremala, miaka yote napiga misumari. Asubuhi, hapa Keshero kando ya ziwa, patron, bosi wetu, ametuletea mutumbwi mwembamba wa vipande viwili: tumbo na kifuniko. Hakuna ubao hata kidogo! Ni nyuzi za kioo zilizofumwa kama nguo, zikalowekwa rezini, gundi ya majimaji, zikakauka.

"Misumari iko wapi, patron?"

"Hakuna. Tunaunga kwa nguo."

Nikacheka mpaka Kambale, mwenzangu, akanikanyaga muguu.

Tukafunga vipande pamoja kwa kamba, tukaulaza mutumbwi ubavu. Nikaingiza mukono ndani kupitia tundu la kukalia, nikabandika utepe wa ile nguo, umelowa rezini, pale vinapokutana.

Halafu nikaukandamiza, nikangoja. Si kole, gundi yetu ya mbao, inaomba usiku muzima?

Kumbe! Kidogo tu, ndani kukaanza kuwa moto. Hakuna makaa, hakuna kiberiti, ni rezini yenyewe inajipasha moto ikiganda. Nikavuta mukono.

Haukutoka.

Mukono wa shati ulilowa rezini, ukaganda: shati lilikuwa limeshakuwa mutumbwi.

Kambale akanivuta kiuno, mutumbwi ukatufuata. Patron akaja na makasi, akakata shati langu kwenye kiwiko. Na mimi ndiye niliyecheka nguo!

Tulipomaliza upande wa pili, ukakauka, tukamwaga maji ndani tuone. Hakuna tone lililotoka. Nikavua kofia kama niko kanisani.

Sasa niko nyumbani, mama watoto anauliza: "Papa, mukono wa shati uko wapi?"

Nyinyi mungemujibu nini? Mimi nimemuonyesha ziwa: mukono utaelea kule pamoja na mutumbwi.