Kifaa Kilichokoroma

Shangazi yangu alitengeneza vifaa vya kusikia kwa miaka ishirini na mitatu, watu wakamzoea kwa jina la Makofi. Kila kifaa kilichofika mezani pake alikipigia kofi moja, kisha akatega sikio.

Siku moja, nikiwa naye kazini, binti mmoja alimleta mama yake, mkunga mstaafu.

"Mama hataki kukivaa," binti alilalamika. "Nikianza tu kusema, anakivua!"

"Unanifokea," mkunga akajibu.

"Sifoki! Napaza sauti ili usikie!"

Shangazi akawakalisha. Alikiunga kifaa na mashine inayochora sauti kwenye kioo, akakipa sauti ndogo. Likatoka wimbi laini. Akaiongeza mara mbili, wimbi nalo likakua mara mbili. Alipoongeza tena, vilele vya wimbi vikakatika kama vimepigwa panga, na kispika kikakoroma.

"Kifaa kizima ukikiongezea mara mbili, nacho kinakurudishia mara mbili," alisema. "Hiki sauti ikizidi kinakwama, kinayavuruga maneno." Akamgeukia binti. "Kadiri unavyopaza, ndivyo mama anavyosikia mkoromo. Yeye si mbishi, mwanangu. Wala wewe si mkali."



Shangazi alibadilisha kikuza sauti, kidude kidogo kuliko punje ya mchele. Akakiacha kifaa chini ya taa ya joto kwa saa nzima, akakipima upya, maana kilichojibu vizuri sasa hivi sharti kijibu vilevile baadaye. Kikajibu. Lakini kilipovaliwa kikapiga mluzi usiokoma: kipira cha sikioni kilikuwa na ufa, sauti inavuja, inarudi ndani, inakuzwa, inavuja tena. Akaweka kipira kipya. Kimya.

"Mama," binti akaita, kwa sauti ya kawaida.

"Naam."

"Unisamehe kwa zile kelele."

"Nisamehe mimi. Nilidhani umenichoka."

Shangazi akashika kibanio chake cha kushikia vidude, kilichokwisha kutakata, akaanza kukifuta.

Chuoni nilikuja kufundishwa mambo hayohayo kwa hesabu ndefu, nikafaulu, na kila siku namshukuru yeye. Walimu walinionyesha wimbi. Shangazi alinionyesha nani yuko nyuma ya wimbi hilo.

Siku ile mkunga alimshika Shangazi mikono yote miwili. "Mungu akuweke, fundi."

Kisha akamwambia binti yake mlangoni, "Haya, nina habari za miezi mitatu sijazipata. Anza na umbea."